Lushoto, Uluguru au Rungwe na Kitulo: upande mlima upi kwa siku ulizonazo?

Anayetaka kutembea milimani Tanzania bila kugusa Kilimanjaro wala Meru mara nyingi hubaki na majina matatu: Lushoto kwenye Usambara Magharibi, Uluguru juu ya mji wa Morogoro, na kusini kabisa Tukuyu na jirani zake, yaani mlima Rungwe na uwanda wa Kitulo. Kote huko ni kijani, kote kuna baridi kuliko pwani, na kwenye picha za simu huwezi hata kusema ipi ni ipi. Ndiyo maana anayechagua kwa picha hujuta. Kinachotofautisha sehemu hizi ni saa utakazokaa kwenye basi, mita utakazopanda kwa siku moja, mwezi unaokwenda, na mahali utakapolaza mbavu jioni.

## Vigezo kwanza

Muda wa njiani. Chukua siku zote za likizo, toa siku za kwenda na kurudi. Kinachobaki ndicho cha kutembea. Wengi hufanya kinyume: huorodhesha vilele vitano halafu wanashangaa basi limekula siku mbili.

Mpando, sio urefu wa kilele. Kilele cha mita 2,900 unachokianzia mita 2,600 ni matembezi. Cha mita 2,100 unachokianzia mita 500 ni kazi ya kutwa. Kwa makadirio, hesabu saa moja kwa kila kilomita 4 hadi 5, kisha ongeza saa moja kwa kila mita 600 za kupanda. Udongo ukiwa umelowa au njia ikiwa ya mizizi, ongeza theluthi nyingine. Katika kundi, hesabu kwa mwendo wa aliye nyuma kabisa.

Mvua na baridi. Usambara na Uluguru zina misimu miwili ya mvua: masika, Machi hadi Mei, na vuli, kuanzia Oktoba hadi Desemba. Kusini kuna msimu mmoja mrefu, takriban Novemba hadi Mei. Kwa hiyo mwezi mzuri wa sehemu moja si lazima uwe mzuri wa nyingine. Joto nalo hupungua karibu nyuzi 6 kwa kila mita 1,000 unazopanda: pwani ikiwa nyuzi 30, Lushoto tarajia 22 hivi na Kitulo 14, hapo upepo na usiku havijaingia kwenye hesabu.

Vibali na mwongozaji. Misitu mingi ya milima hii ni hifadhi za mazingira asilia chini ya Wakala wa Huduma za Misitu, TFS. Kitulo ni hifadhi ya taifa, iko chini ya Shirika la Hifadhi za Taifa, TANAPA. Kote viingilio vinatofautiana kwa Mtanzania, mkazi na mgeni, kwa hiyo beba kitambulisho halisi, sio picha yake. Malipo ni kwa namba ya malipo ya serikali, ile watu wanayoiita kontroo namba, na inalipwa kwa simu au benki. Mwenye noti tu mkononi hukwama getini. Unapoulizia bei, uliza pia kama VAT imo.

Kulala na kula, na mwisho kinachoharibika, yaani makosa yanayojirudia mahali hapo na sababu zake.

## Lushoto, Usambara Magharibi

Kufika. Mji uko mita 1,400 hivi juu ya usawa wa bahari, mkoani Tanga. Kutoka Dar es Salaam kuna mabasi ya moja kwa moja, saa sita hadi nane. Ukiyakosa, panda basi lolote la Moshi au Arusha, shuka Mombo, kisha chukua Coaster au Noah za kupanda. Mombo hadi Lushoto ni kilomita thelathini na ushee za lami nyembamba, kona juu ya kona, mwamba upande huu na korongo upande ule. Anayesumbuliwa na gari akae kiti cha mbele na chipsi za Mombo azisamehe mpaka safari ya kurudi. Anayetoka Mombasa hupitia Horohoro na Tanga hadi Segera, kisha Mombo. Anayetoka Nairobi anaweza kupita Taveta na Holili, ashuke na barabara ya Moshi na Same. Kwa Mkenya, hapa ndipo karibu kuliko sehemu nyingine mbili.

Njia za kutembea. Nguvu ya Lushoto ni kwamba unaianzia juu. Gari limeshakupandisha mita 1,000 kutoka Mombo, kwa hiyo matembezi mengi ni ya kupanda na kushuka kidogo kidogo kati ya vijiji, mashamba na vipande vya msitu.

Fupi na maarufu ni ya Irente: kilomita tano au sita kutoka mjini, saa moja na nusu bila haraka, mpaka ukingo ambapo mlima unakatika ghafla na chini yake, karibu mita 1,000, kuna tambarare ya Mazinde na mashamba ya mkonge. Watoto washikwe mkono, usitegemee uzio. Njiani kuna shamba la Irente, mali ya Kanisa la Kiinjili la Kilutheri, wanaotengeneza jibini, jamu na mkate wao wenyewe. Chakula cha mchana kiagize wakati wa kwenda, ukikute tayari wakati wa kurudi.

Ya pili ni msitu wa Magamba, hifadhi ya mazingira asilia iliyo juu ya mji. Ni nusu siku hadi siku nzima, njia zina kivuli, na wakazi wake ni mbega na vinyonga wenye pembe mbili wasiopatikana nje ya milima hii. Waongozaji wengine hupenda kumshika kinyonga ili upige picha. Mwambie amwache kwenye tawi lake, picha inatoka vilevile.

Ya tatu ndiyo inayowaleta watu kutoka mbali: Lushoto hadi Mtae kwa siku tatu au nne. Siku ya kwanza unapita Magamba na kuteremka kuelekea Lukozi, mji mdogo wa mboga. Ya pili unafika Rangwi, ambako masista hupokea wageni kwenye nyumba yao. Ya tatu unatokea Mtae, kijiji kilichokaa kwenye ncha ya mlima, chini yake nyika ya Mkomazi. Kurudi ni kwa basi, na mabasi ya Mtae huondoka alfajiri sana, kabla jua halijachomoza. Jioni ile ile unayofika, muulize mwenye gesti basi linaanzia wapi na saa ngapi. Asubuhi hakuna wa kukusubiri.

Mvua na baridi. Juni hadi Agosti ni kavu lakini kuna ukungu na baridi ya kutosha kulala na blanketi mbili. Septemba hadi mwanzo wa Oktoba mbingu hufunguka. Januari na Februari pia panafaa, na ndiyo majira ya matunda kama plamu na mapichi. Masika epuka, zaidi kwa ajili ya barabara: kipande cha Mombo hadi Soni hupata maporomoko ya mawe na udongo.

Vibali na mwongozaji. Kwa Irente hulazimiki kuwa na mwongozaji. Kwa Magamba unalipia TFS. Kwa safari ya Mtae mchukue, na mpate kupitia ofisi ya kikundi cha utalii wa utamaduni mjini, sio pale stendi. Stendi utawakuta vijana wengi wanaojitambulisha kuwa waongozaji, baadhi ni kweli, baadhi sivyo. Kipimo ni kitambulisho na risiti.

Kulala na kula. Kati ya sehemu tatu, hapa ndipo rahisi. Gesti za bei ya chini, nyumba za makanisa na hoteli za kati zote zipo mjini. Vijijini gesti ni za kawaida kabisa na maji ya moto huja kwa ndoo. Rangwi piga simu kabla, kwa sababu chakula hupikwa kwa idadi.

Kinachoharibika. Watu hupotea Usambara kwa sababu vijia ni vingi mno. Kila shamba lina chake, na ramani ya simu inaonyesha kimoja kati ya kumi. Shida ya pili ni maji. Mabonde haya yanalima kabichi, nyanya na viazi kwa dawa za kunyunyizia, na maji ya kijito kilicho chini ya mashamba yana mabaki yake. Kuchemsha kunaua vijidudu, hakuondoi dawa ya wadudu. Jaza chupa kijijini kwenye bomba la chemchemi, au msituni juu ya shamba la mwisho.

Panamfaa nani. Familia, wanaoanza, wanaopenda kuzungumza na watu njiani, na mwenye siku tatu hadi sita. Anayetaka kilele cha kujipiga kifua atapaona pa upole.

## Uluguru, Morogoro

Kufika. Hapa hakuna mpinzani. Tangu Juni 2024 treni ya umeme ya SGR hufika Morogoro kutoka Dar kwa muda usiozidi saa mbili, na nauli ya daraja la kawaida ilianzia shilingi 13,000. Tiketi za Ijumaa jioni na Jumapili huisha mapema, zikate mtandaoni siku kadhaa kabla. Stesheni iko nje ya katikati ya mji, ongeza bajaji au daladala. Kwa basi ni kilomita 190 hivi, na foleni ya kutoka Dar ndiyo inayoamua ni saa tatu au tano.

Njia za kutembea. Mji uko mita 500 tu na milima inaanzia mgongoni mwake. Ndio uzuri wake na ndio mtego wake. Unaamka gesti, unakunywa chai, saa moja baadaye uko mlimani; lakini kila mita unaipanda kwa miguu yako.

Ya kawaida ni Morningside, nyumba ya zamani ya enzi ya Wajerumani iliyo kwenye mabega ya mlima. Kupanda ni saa mbili hadi tatu, kushuka saa moja na nusu hadi mbili, ukipita mashamba ya migomba na mboga za Waluguru. Kwa siku ya kwanza inatosha.

Kutoka hapo mwenye pumzi huendelea hadi Bondwa, kilele chenye minara ya mawasiliano, zaidi ya mita 2,100. Fanya hesabu: mita 1,600 za kupanda peke yake ni karibu saa tatu juu ya muda wa kilomita. Kwenda na kurudi ni kutwa, saa nane au tisa kwa mtu mwenye mazoezi. Lupanga, jirani yake, una urefu karibu ule ule lakini njia yake ni kali zaidi: mizizi, udongo mfinyanzi unaoteleza, na sehemu ambazo mikono hufanya kazi kuliko miguu. Kimhandu, mkubwa wa milima hii kwa zaidi ya mita 2,600, uko mbali upande wa kusini na unahitaji mahema, wapagazi na siku kadhaa. Usiuchanganye na matembezi ya wikiendi.

Panaposahaulika ni Mgeta, upande wa magharibi. Barabara inaachana na ya Iringa eneo la Mzumbe, inapanda kwa vumbi hadi Langali na Nyandira, kwenye matuta ya mboga yaliyopangwa kama ngazi. Hali ya hewa ni ya Lushoto, wageni ni wachache. Anayetaka Uluguru bila kupanda ukuta wa Bondwa aanzie huku.

Mvua na baridi. Upande wa mashariki, ule unaotazama bahari, hupata mvua karibu mwaka mzima. Ndiko Mto Ruvu unakochota maji yanayonywewa Dar es Salaam. Upande wa mji ni mkavu zaidi. Juni hadi Septemba ndio wakati wa kuaminika. Baridi si kali Morogoro mjini, kwa hiyo watu hupanda na fulana moja, na huko juu ukungu ukiwakuta wamelowa jasho huanza kutetemeka mchana kweupe.

Vibali na mwongozaji. Msitu wa juu ni Hifadhi ya Mazingira Asilia Uluguru, iliyotangazwa 2008. Kibali hukatwa ofisi ya hifadhi mjini, na ofisi za serikali hufungwa wikiendi. Anayefika Jumamosi asubuhi bila kuwa amewasiliana nao mapema hupoteza nusu siku. Piga simu Alhamisi, lipia Ijumaa. Kwa Morningside watu wengi hupanda wenyewe, ila kwa Bondwa na Lupanga mwongozaji ni wa lazima kwa akili ya kawaida hata pasipokuwa na sheria.

Kulala na kula. Unalala mjini, kwa hiyo vitanda ni vya bei zote na nyama choma ipo hadi usiku. Mlimani hakuna duka la kutegemea baada ya vijiji vya chini. Beba kila kitu.

Kinachoharibika. Karibu kila tatizo la Uluguru lina mzizi mmoja: kuanza kuchelewa. Mji uko karibu, mtu analala, anakunywa supu, anaanza saa 4 asubuhi. Saa 6 mchana jua linachoma kwenye mashamba yasiyo na kivuli, saa 8 mawingu yanafunga kilele na mandhari yote aliyoyafuata yameondoka, na saa 12 na nusu giza linamkuta bado anateremka kwenye udongo unaoteleza. Anza saa 12 asubuhi, na weka saa ya kugeuka. Kwa Bondwa saa 7 mchana inafaa: popote ulipo, unageuza. Magoti ndiyo yanayoumia kwenye mteremko wa mita 1,600, sio mapafu, kwa hiyo fimbo mbili zina thamani kuliko buti ghali.

Panamfaa nani. Mkazi wa Dar au Dodoma mwenye siku moja au mbili, anayetaka mazoezi mazito, na anayejipima kabla ya Kilimanjaro. Wazee na watoto wadogo wapelekwe Mgeta, au waishie sehemu za chini zenye vijito.

## Rungwe na Kitulo, nyanda za juu kusini

Kufika. Hapa ndipo watu wengi hukata tamaa, na wana haki. Dar hadi Mbeya ni zaidi ya kilomita 800, na basi huchukua kutwa au usiku kucha. TAZARA, reli ya Tanzania na Zambia, ni safari nzuri kwa asiye na ratiba. Ndege hutua Songwe, uwanja uliofunguliwa Desemba 2012, na kwa mwenye siku nne tu, tiketi ya ndege ndiyo inayofanya safari iwe na maana. Kutoka Mbeya hadi Tukuyu ni lami, kilomita 70 hivi.

Kuna jambo moja linalookoa siku nzima: kama unaanza na Kitulo, usifike Mbeya mjini. Shuka Chimala, ambayo basi la kutoka Dar huipita kabla ya Mbeya. Kutoka hapo barabara hupanda ukuta wa mlima kwa kona zake maarufu, Hamsini na Saba, hadi Matamba, ambako ofisi za hifadhi zipo. Ukipitia Mbeya kwanza, utairudia njia hiyo hiyo kesho yake.

Njia za kutembea. Ukanda huu ni mpana, na kosa la kwanza ni kuuona kama kituo kimoja. Una makundi mawili.

La Tukuyu ni la volkano na maji. Ziwa Ngosi limejaa ndani ya kreta. Unaachia barabara kuu ya Mbeya na Tukuyu pale Mchangani, unakwenda kilomita tano au sita hadi msituni kwa bodaboda au miguu, kisha saa moja hadi moja na nusu ya kupanda hadi ukingoni. Wengi huishia hapo juu na inatosha. Kuteremka hadi majini ni njia kali yenye utelezi, na kurudi juu kunachosha kuliko safari yote ya mwanzo. Mlima Rungwe, mita 2,960, ni siku nzima ya saa nane hadi kumi, unaoanza na msitu mnene na kumalizika kwenye nyasi na vichaka vya baridi. Ndani ya msitu huo anaishi kipunji, kima wa mitini ambaye wenyeji walimjua tangu zamani na sayansi ikamtangaza mwaka 2005. Usiahidiwe kumwona, ni wachache na wana haya. Kwa siku ya kupumzika kuna Daraja la Mungu, daraja la asili la mwamba juu ya Mto Kiwira, Kijungu jirani yake, na maporomoko ya Kaporogwe kusini ya Tukuyu. Kijungu kiko kwenye eneo la Magereza: jitambulishe getini, uliza kabla ya kutoa kamera.

La Kitulo ni tofauti kabisa. Hifadhi hii ya kilomita za mraba 412.9, iliyotangazwa mwaka 2005, ni uwanda wa nyasi ulioko mita 2,600 hivi. Hakuna ukuta wa kupanda, kuna anga na upepo. Wenyeji waliita Bustani ya Mungu kwa sababu ya maua: zaidi ya aina 350 za mimea, kati yake okidi 45. Unatembea kilomita 10 hadi 15 bila kuhema sana, na Mtorwi, mita 2,961, ukiwa pembeni, unaupita Rungwe kwa mita moja.

Mvua na baridi. Hapa inabidi uchague hasara yako. Maua ya Kitulo huchanua Desemba hadi Aprili, na hiyo ndiyo miezi ambayo barabara ni tope, magari madogo hayapandi na mawingu hukaa chini. Juni hadi Agosti njia ni kavu na unaona mbali, lakini maua mengi yamelala na usiku barafu hutanda kwenye majani. Kwa Rungwe na Ngosi, Julai hadi Oktoba ndio wakati bora. Kwa maua tu, nenda Januari au Februari na gari la fowili, na ongeza siku moja ya akiba. Tukuyu yenyewe ni miongoni mwa sehemu zenye mvua nyingi kabisa nchini. Koti la mvua ni la kila siku, hata siku ambayo asubuhi yake ina jua.

Vibali na mwongozaji. Rungwe na Ngosi ni TFS, Kitulo ni TANAPA; ni malipo mawili, ofisi mbili, na hazilipiani. Ndani ya Kitulo hutembei bila kuripoti. Kwa Ngosi vijana wa kijiji hukusindikiza, mkubaliane bei kabla ya hatua ya kwanza na iwe kwa kundi, sio kwa kichwa. Ukiona viazi vya okidi sokoni, vile vya kupikia chikanda vinavyopelekwa Zambia, usinunue. Vinachimbwa kwenye nyasi hizi hizi.

Kulala na kula. Tukuyu na Mbeya kuna gesti nyingi na chakula cha kutosha: ndizi, parachichi, maziwa. Matamba gesti ni chache na sahili. Kitulo kwenyewe panga kwa hema na chakula chako, au lala Matamba upande kila asubuhi kwa gari.

Kinachoharibika. Kupanga Ngosi, Rungwe, Kitulo na ufukwe wa Matema kwenye Ziwa Nyasa kwa siku tatu. Haiwezekani bila kukaa kwenye gari kutwa. Jingine ni kuidharau baridi: hema na begi la kulalia vya pwani havitoshi kwenye uwanda huo mwezi Julai. Na mafuta, jaza tangi Chimala au Mbeya, hasa unapokodi gari ambalo mwenyewe amekuachia robo tangi.

Panamfaa nani. Mwenye wiki nzima, mpenda mimea na ndege, mpiga picha, na yeyote aliyekwisha kwenda Lushoto anayetaka ukimya. Mwenye wikiendi tu asijitese.

## Vya kubeba, popote uendako

Viatu vyenye meno vilivyovaliwa angalau wiki mbili kabla. Buti jipya siku ya safari ni malengelenge. Kata kucha za miguu siku moja kabla ya kuteremka, la sivyo kidole gumba kitageuka cheusi. Lita 2 za maji kwa nusu siku, 3 kwa Bondwa. Sweta ya sufu au ya kitambaa kisichonyonya maji, sio ya pamba, kwa sababu pamba ikilowa hubaki baridi mwilini. Tochi ya kichwani hata kwa matembezi ya asubuhi. Nguo za akiba zifungwe kwenye mfuko usiopitisha maji, na mifuko ya plastiki ya kubebea usiitegemee, ilipigwa marufuku nchini tangu 1 Juni 2019. Soksi ndefu zivutwe juu ya suruali msituni, kwa ajili ya siafu. Chandarua au dawa ya mbu usiache nyumbani kwa sababu tu unakwenda baridi: Mombo, Morogoro mjini na Matema kuna mbu wa malaria wa kutosha.

## Kwa hali yako

Una siku moja au mbili na uko Dar: Uluguru, treni ya asubuhi, Morningside siku ya kwanza. Bondwa iwe ya pili endapo miguu bado inakubali na kibali kimeshalipiwa.

Una siku tatu hadi nne, mna watoto: Lushoto, lala mjini, Irente na Magamba. Safari ya Mtae iache mpaka mdogo kabisa awe anatembea saa tano bila kubebwa. Kama watoto hawapendi basi refu, Mgeta kutokea Morogoro ni mbadala mzuri, japo vitanda vyake ni vichache.

Una siku tano au sita na mnataka kutembea kijiji hadi kijiji: Lushoto hadi Mtae, Septemba. Ukilazimika kwenda Desemba, fupisha hadi Rangwi, na ukubali kurudi kwa gari mvua ikizidi.

Una wiki nzima mwezi Julai au Agosti: kusini, lakini kambi iwe Tukuyu, Ngosi na Rungwe kwanza, Kitulo siku mbili za mwisho ukishuka Chimala kuelekea Dar. Wiki hiyo hiyo Januari au Februari, geuza: Kitulo kwanza wakati barabara bado inapitika, Tukuyu baadaye, na Rungwe uuache kama mvua inashinda.

Unafanya mazoezi ya Kilimanjaro: Bondwa au Lupanga mara mbili ndani ya mwezi, ukiwa na begi la kilo 8, itakupima miguu. Pumzi ya hewa nyembamba haitapimwa hapa wala Kitulo. Hata Mtorwi uko chini ya mita 3,000.

Unasafiri na mzazi mwenye magoti mabovu: Kitulo kwa gari wakati wa maua, au Irente kwa bodaboda hadi ukingoni, na wakati wa kurudi pitia shambani mle jibini na mkate.